Msomaji wa Tanzia

Nilipoanza kazi kituoni, jina la Msomaji lilikuwa limeshamganda, hata mkewe alimwita hivyo. Alikuwa mfupi, miguu imepinda kidogo, na ukimwona anashuka kwenye baiskeli yake ungemdhani muuza samaki aliyemaliza mzigo mapema. Kisha afungue mdomo. Sauti ilikuwa nzito na ya upole, ya mtu anayekukalisha kwanza ndipo akwambie. Sisi wanawake wa Mikindani tulimsikia muda mrefu kabla ya kumwona, na siku nilipoonyeshwa mwenyewe nilicheka mbele yake, sikuweza kujizuia.

"Cheka tu, dada," akaniambia. "Wenzako wote hunisikia wakalia."

Kazi yake ilikuwa kusoma habari za jioni na tanzia. Habari hazikuwa na wenyewe. Bei ya korosho, meli gani imetia nanga, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, amezuru wapi. Watu waliendelea kuzungumza kana kwamba hasemi. Ila ikifika saa ya tanzia, soko zima lilikuwa linanyamaza. Wauza mihogo waliweka mizani chini. Huku kwetu maiti hailazwi bila sababu, na jamaa wa maiti wanaweza kuwa Madimba, Mpapura, au ng'ambo ya Ruvuma kwa Wareno. Hapakuwa na njia ya kuwafikia wote siku ile ile isipokuwa mdomo wa Msomaji.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya mabati nyuma ya bandari ya Mtwara. Kilikuja na mradi wa karanga, pamoja na matrekta na reli na Wazungu wa kaptura. Karanga zikagoma kuota, wenye matrekta wakafunga virago, lakini redio ikaachwa, nadhani kwa kusahauliwa. Palikuwa na vipaza sauti juu ya nguzo sokoni Mtwara na kwetu Mikindani, na redio za betri kwenye baraza za maduka ya vijijini hadi Kilambo, mtoni kabisa. Chumba cha kusemea kilitundikwa magunia ya karanga ukutani ili yameze mwangwi. Tulikiita Guniani, na ukitoka humo hata kanga yako ilinuka vumbi la gunia.

Tulikuwa wachache. Bwana Mkubwa alikuwa Mzungu aliyejua Kiswahili cha kuamrisha tu. Palikuwa na Fundi wa mitambo, aliyeshinda chumba cha injini, na Karani, kijana nadhifu aliyepokea watu mlangoni na kuandika matangazo yao. Halafu Msomaji, na mimi. Mimi nilikuwa mjane, nimesoma kidogo, wakanichukua niendeshe kipindi cha akina mama: uji wa mtoto, kuchemsha maji, vidonda. Nilikuja kwa lori siku za kipindi na kurudi kwa lori, na katikati nilikaa barazani na wenzangu kunywa chai. Hapo barazani ndipo kila kitu kilipopikwa, majungu kuliko chai.

Nisije nikamfanya malaika. Msomaji mwenyewe alikuwa mmbeya wa kupigiwa mfano. Yeye ndiye aliyetuletea habari kwamba mke wa Bwana Mkubwa anamlisha paka siagi, na kwamba Fundi amekataliwa posa Mikindani mara ya pili. Alikuwa mchoyo wa sukari, akificha ya kwake ndani ya soksi. Alivuta ugoro na kupiga chafya kabla ya kila kipindi, akisema zinasafisha koo. Tena alikuwa mwongo. Alidai amewahi kukaa Unguja, lakini Fundi alipomuuliza forodha ya huko inatazama wapi, akasema inategemea msimu. Alijifanya anajua Kiingereza. Bwana Mkubwa akimwambia lolote alitikisa kichwa kwa uzito, kisha akaja kuniuliza mimi pembeni, "Anataka nini huyu?" Kipindi changu nacho hakukiacha salama. Nikitoka Guniani, atanitazama na kusema, "Dada, uji wako wa leo una mabonge. Nimeyasikia yakipita hewani."

Mtu huyo huyo, aliyetudanganya juu ya kila kitu, hakudanganya wala kubahatisha kwenye jambo moja. Hilo ni majina ya wafu.

Mkoa wetu umejaa akina Hamisi Saidi na Saidi Hamisi. Wamakonde, Wamakua, Wayao, wengi wamesilimu na kupewa majina yale yale machache, na jina la baba halikwambii kitu, kwa sababu baba naye ni Saidi tu. Watu wa huku wakitaka kumjua mtu humuuliza mjomba wake. Ukoo unakwenda kwa mama. Kwa hiyo mtu akija na tanzia, Karani aliandika jina na jina la baba kama alivyofundishwa shule, kisha Msomaji alitoka nje, akachuchumaa mbele ya mfiwa na kumuuliza taratibu, "Mama yake nani? Mjomba wake nani, na anakaa wapi?" Na hewani alisoma yote: fulani bin fulani, mama yake fulani, mpwa wa fulani wa mahali fulani. Tanzia zake zilikuwa ndefu. Bwana Mkubwa aliguna, lakini watu walizielewa.

Halafu alifanya mazoezi. Kila siku baada ya adhuhuri aliingia Guniani akayataja majina yote kwa sauti, akirudia, huku Fundi akirekebisha mitambo. Sauti ilitoka kwenye kipaza kidogo cha chumba cha injini, na sote barazani tuliisikia. Baadhi ya hayo majina yalikuwa ya watu wazima wazima, wanaopumua. Mtu wa Kilambo akimleta mgonjwa mahututi hospitali, hakuweza kukaa mjini kumngojea, ana shamba na watoto. Alipita kituoni kabla ya kurudi, akamwachia Msomaji maelezo yote, ili mgonjwa akifa jamaa wapate habari siku hiyo hiyo. Msomaji aliyashika kichwani na kuyafanyia mazoezi pamoja na ya wafu. Aliniambia hataki kulijaribu jina la mtu kwa mara ya kwanza siku ya msiba wake.

Kwa mtu aliyejua, lilikuwa jambo la heshima. Kwa asiyejua, lilikuwa la kutisha, na sitamlaumu mtu. Hebu fikiri umekaa na kikombe chako cha chai, na kutoka chumba cha injini unasikia sauti ile ikimtaja jirani yako uliyemwacha asubuhi kitandani hospitali, na mama yake, na mjomba wake, polepole, mara ya kwanza, mara ya pili. Mimi mwenyewe, siku za mwanzo, nywele zilikuwa zinanisimama.

Jambo jingine lilikuwa hili, hakwenda mazikoni. Alitangaza misiba ya mkoa mzima na hakuonekana kwenye hata mmoja, hata wa mtaani kwake. Nilimuuliza. Akasema, "Nikienda kwa mmoja, wa pili ataniuliza mbona kwake sikwenda." Lilikuwa jibu la busara, lakini hakulitoa kwa mtu mwingine, na watu wakajijazia wenyewe.

Sasa nije kwenye utani ule. Ilikuwa barazani, mchana, sote tumeshiba. Msomaji ametoka mazoezini, Karani akamchokoza: "Mzee, hayo majina ya walio hai unayapata wapi? Umepewa orodha na Izraili?"

Msomaji hakuwa mtu wa kuachia nafasi ya kujikweza. Akabana ugoro wake puani, akasema, "Nawajua wote. Wewe umepangwa Alhamisi."

Tulicheka. Karani alicheka kuliko sisi. Alikuwa na mke kijana na mtoto wa kike aliyeanza kukaa, akituletea habari zake kila siku, leo kashika kijiko, leo kasema ba. Jumatano yule mtoto alishikwa na homa. Alhamisi mchana akafa.

Karani hakuja kazini siku hiyo. Alimtuma shemeji yake na tanzia, na shemeji alipofika mlangoni Msomaji alikuwa wa kwanza kumwona. Nilikuwepo. Sijaona uso wa mtu ukibadilika rangi vile. Alichuchumaa mbele ya yule shemeji kama kawaida yake, lakini safari hii hakuuliza kitu, maana wote tulimjua mtoto ni wa nani. Jioni akaisoma, na sauti haikutetereka. Hilo nalo likaandikwa kwenye hesabu yake, kwamba hata sauti haikumtetereka.

Karani aliporudi kazini alikuwa amekonda, na hakunywa chai nasi tena. Alisimama dirishani kwake na kuzungumza na wateja kwa sauti ya chini. Sikusikia aliwaambia nini. Baadaye nilianza kuyasikia maneno yenyewe ndani ya lori la Mikindani, kutoka kwa wanawake wasiojua nafanya kazi wapi.

Walisema redioni kuna mtu anayeita watu. Walisema huwaita mchana, mlango umefungwa, na anayeitwa hamalizi wiki. Ushahidi wao ndio ulionitia baridi, kwa kuwa ulikuwa kweli tupu. "Muulize kwa nini anataka jina la mama," mmoja akasema. "Nani huuliza jina la mama? Mpiga ramli huuliza jina la mama. Ukitaka kumfanyia mtu jambo likampata, lazima umjue kwa mamaye." Nikasema mimi namfahamu yule mtu, ni mmbeya na mchoyo wa sukari, lakini mchawi siye. Mama mmoja akanisogelea na kuniuliza kwa huruma, "Na wewe umeshamwambia jina la mama yako, mwanangu?" Nilikuwa nimeshamwambia. Nilirudi nyumbani nikalala vibaya, na nilijichukia kwa hilo.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda chini chini. Hakuna aliyemtukana. Wafiwa walikuja, lakini akichuchumaa walitazama pembeni na kusema mama hawamjui, au walitaja jina ambalo hata mimi niliona ni la uongo. Akipita mtaani, mama waliwaita watoto ndani, si kwa kelele, walisema tu "njoo ule." Fundi akapunguza sauti ya kipaza cha chumba cha injini, kisha akakifunika na gunia. Asubuhi moja Msomaji alikuta yai limewekwa kwenye kizingiti chake, limeandikwa kwa wino mwekundu. Alilichukua kwa kipande cha gazeti, akaja nalo kituoni na kuniuliza kama nasoma Kiarabu. Niliona jina lake na la mama yake. Sikumwambia la pili.

"Watachoka," alisema. "Maneno hayana kazi nyingine, huzunguka yakachoka."

Lakini mkewe alichoka kwanza. Alikuwa mwanamke mchangamfu, Mmakua, mtu wa vigelegele na kusuka mikeka kwa makundi. Kisimani wanawake walianza kumwachia nafasi. Akifika, wao wanaondoa ndoo zao na kusema, "Chota, bibi, chota wewe kwanza," na wanasimama mbali mpaka aondoke, halafu yule wa kwanza anamwaga ndoo mbili tatu za maji kabla ya kuchota ya kunywa. Hawakuacha kumwamkia. Walimwamkia vizuri mno. Hatimaye akafunga furushi lake la nguo akarudi kwa kaka zake Madimba, akisema atarejea maneno yakiisha.

Hapo ndipo Msomaji alipovunjika. Nasema hivi ili ieleweke alichokuwa akikitaka, maana baadaye watu walisema mengi. Hakutaka cheo, wala hakupigania tanzia zake. Alitaka maneno yaishe mkewe arudi.

Kwa hiyo Bwana Mkubwa alipomwita, hakubisha sana. Malalamiko yalikuwa yamefika juu, sijui kwa mkono wa nani, ingawa nina fikira zangu. Bwana Mkubwa hakuamini uchawi, alisema hivyo mara kadhaa, lakini hakutaka kelele, na zile tanzia ndefu hakuwahi kuzipenda. Amri zikatoka. Majina ya walio hai yasipokelewe. Mazoezi yakome. Tanzia iwe jina la marehemu, jina la baba, na mahali alipokuwa akiishi, basi. Karani ataandika, Msomaji asome kilichoandikwa.

Nilimfuata nje, alikuwa anafunga mnyororo wa baiskeli.

"Kaka, utakubali?"

"Nimeshakubali."

"Bandarini peke yake wako akina Hamisi Saidi wangapi?"

Akanitazama. "Dada, unajua mimi nalijua hilo kuliko wewe. Lakini nikisoma kifupi mwaka mmoja tu, na watu wakaendelea kufa vile vile, wataona si mimi. Mke wangu atarudi."

Neno lake lilikuwa na akili ndani yake, na nilimwonea huruma.

Kwa muda fulani ilielekea kufaulu. Tanzia zikawa fupi na kavu, na kwa kuwa hazikuwataja akina mama, watu walianza kuzisikiliza bila kushika vifua. Mwanamke mmoja wa kisimani alimpelekea mkewe salamu Madimba. Msomaji alitueleza habari hiyo akiwa amefurahi kama mtoto, akamwaga sukari yake mwenyewe kwenye birika la wote. Hata Karani alikunywa. Nilidhani tumepona.

Masika ile Ruvuma ilijaa mno. Jioni moja, kati ya bei ya korosho na habari za meli, Msomaji alisoma: "Tunasikitika kutangaza kifo cha Hamisi Saidi, mfanyakazi wa bandari, Mtwara. Mazishi kesho." Aliisoma ilivyoandikwa. Nilikuwa Guniani nikingoja zamu yangu, na nilimwona amesimama kidogo baada ya neno Mtwara. Mkono wake ulinyanyuka, kama mtu anayetaka kumshika mwenzake bega amuulize kitu. Hapakuwa na wa kumuuliza. Akaendelea na habari za meli.

Keshokutwa yake mchana tulikuwa barazani. Kijana mmoja akaja kwa miguu, suruali ya kazi imelowa hadi magotini, matope mekundu ya barabara ya Kilambo. Hakwenda dirishani kwa Karani. Alisimama mbele yetu.

"Nani ndiye Nsomaji?"

Msomaji akanyanyuka.

"Naitwa Hamisi Saidi, wa bandarini," kijana akasema. "Juzi ulisema nimekufa."

Fundi alikuwa na kikombe mdomoni, akakiacha hapo hapo.

Alisema bila kupandisha sauti. Aliyekufa alikuwa Hamisi Saidi mwingine, mchukuzi, mtu wa Mpapura, wanajuana. Lakini mama yake yeye anakaa ng'ambo, na alisikiliza redio dukani, akasikia mwanawe amekufa Mtwara. Alfajiri alimchukua kaka yake, mjomba wa kijana, wakamlazimisha mwenye mtumbwi awavushe, ingawa aliwaambia mto haupitiki. Mwenye mtumbwi aliokoka kwa kushika mti. Ndiye aliyepeleka habari kwa watu wa Kilambo, na wao wakamtafuta yeye Hamisi, wakamkuta mzima, anapakua magunia. Alikwenda Kilambo usiku ule ule, na sasa ndiko alikotoka. Walikuwa wamempata mama. Mjomba walikuwa bado wanamtafuta.

"Ungentaja njomba," kijana akasema, "mama angejua si mimi. Angekaa kitako."

Nilimtazama Msomaji. Angeweza kusema nilikatazwa. Angeweza kuonyesha dirisha la Karani kwa kidole, au mlango wa Bwana Mkubwa, na angekuwa amesema kweli, yule mwongo mkubwa. Akasema, "Kweli, mwanangu."

"Nimekuja uwatangaze wao."

Msomaji akachuchumaa mbele yake. Akaweka mkono mmoja chini. "Mama yako anaitwa nani?" akauliza. "Na mama yake yeye?" Kijana akamjibu, akamtaja na mjomba, na bibi, na kijiji. Nilisikia mlio mdogo, nikageuka. Karani alikuwa amefunga dirisha lake.

Jioni aliisoma tanzia ile nzima, ndefu, kinyume cha amri, majina ya upande wa mama yote, na aliyarudia mara ya pili. Sauti yake ilivunjika kwenye jina la mjomba, akasimama, redio ikavuma tupu mkoa mzima, kisha akamalizia. Bwana Mkubwa hakumwambia kitu jioni ile. Alimwachisha kazi asubuhi kwa sababu ya kutotii.

Nilifikiri sasa watu wataelewa. Kosa lilikuwa wazi, mtoto mdogo angeliona: walimnyang'anya kile kilichokuwa kikiwalinda, na mto ukachukua watu. Lakini nilipopanda lori kurudi Mikindani niliyasikia maneno mapya kabla hatujaacha mji. Walisema si mliona? Alimwita Hamisi, Hamisi akawa na nyota kali, ndipo akamgeukia mama. Mwingine akasema alisimama kimya hewani, mlisikia, pale alikuwa anamalizia. Nilitaka kuwakatiza, nikaishia kutazama barabara. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao ndiye aliyenifulia nguo nilipofiwa na mume wangu. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Nyumba yake ilichomwa makuti wiki hiyo. Hakuna aliyeona nani. Mkewe aliomba talaka kwa kupitia kaka zake, akapewa. Msomaji mwenyewe akatoweka, baiskeli ikaachwa imeegemezwa ukutani pa kituo na hakuna aliyethubutu kuipanda.

Kituo nacho hakikudumu, watu walianza kusikiliza Dar es Salaam. Mimi nilirudi kwenye cherehani. Miaka kadhaa baadaye, msimu wa korosho, nilikwenda Mpapura kwa dada yangu aliyeolewa huko, kumsaidia kukusanya. Tulikaa uwanjani pamoja na vibarua tukinyofoa korosho kwenye mabibo, mikono imechafuka utomvu. Miongoni mwa vibarua alikuwamo mtu mmoja amekaa kando, ameinama.

"Huyo bubu wetu," dada akaniambia. "Alikuja na jembe lake, hatujui katoka wapi. Hasumbui. Kazi anafanya kushinda wenye midomo."

Nilimtambua kabla hajainua uso. Alipouinua na kuniona, hakufanya ishara yoyote. Alinitazama tu, na nikaelewa. Mtu yule, aliyekuwa hawezi kunyamaza barazani hata chai ikiwa mdomoni, alikuwa hajatamka neno miaka yote hiyo, kwa sababu sauti ile ingetambuliwa na kila aliyewahi kukaa karibu na duka lenye redio. Nikashika korosho yangu nikaendelea.

Shemeji yangu alikuwa mtu wa maneno, mcheshi, mkarimu. Akaniambia mbele ya wote, "Shemeji, wewe si ulikuwa redioni na yule ntu wa kuua kwa ndomo? Huku inasemekana hakwenda mbali. Kuna ntoto wa jirani hapa amefariki juzi, hakuugua. Vijana wanapita nyumba hadi nyumba kuuliza wageni. Kesho watafika kwangu. Unajua alikoelekea?"

Vibarua wote waliacha kazi kunisikiliza. Bubu pia aliacha.

"Amekufa," nikasema.

"Una hakika?"

"Nilikuwepo mazikoni. Mikindani, kwetu."

Sikuona kama shemeji ameridhika. "Maana wako wengi wanaofanana," akasema. "Mpwa wa nani yule?"

Nikamtaja. Nilimtaja kwa jina lake, na la baba yake, na la mama yake, na mjomba wake na mahali anakotoka, polepole, nikirudia, kama alivyokuwa akifanya mwenyewe. Nilikuwa namtazama shemeji, lakini kwa pembe ya jicho nilimwona yule mtu ametulia kabisa, anayasikiliza. Nilipomaliza, mzee mmoja kati ya vibarua akatikisa kichwa na kusema ndiyo, huyo mjomba anamjua, basi ni kweli kafa, vijana waambiwe wasihangaike. Wote wakasema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, hata waliomwogopa, maana ni desturi.

Midomo ya bubu nayo ikacheza pamoja na yao, bila sauti. Kisha akainama, akachukua bibo jingine.